Majini Cheo Hakielei

Jumamosi ya tarehe 24 Novemba, 2018, chombo cha starehe kiitwacho MV Templar kilizama katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kwenye maji ya Wilaya ya Mukono. Waliokuwamo hawakuwa wavuvi waliokuwa wakitafuta riziki, wala wasafiri waliolazimika kuvuka. Walikuwa watu waliotoka pamoja kwenda kustarehe. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, na chombo kilizama si mbali na nchi kavu. Maelezo yaliyotolewa na wakuu wa serikali ya Uganda baada ya msiba huo yalitaja mambo ambayo yangeweza kuonekana na mtu yeyote kabla chombo hakijang'oa nanga: kilikuwa kibovu, hakikuwa na leseni, na kilibeba watu kupita kiasi.

Miezi miwili tu kabla ya siku hiyo, tarehe 20 Septemba, 2018, Tanzania nayo ilikuwa imepotewa na watu zaidi ya 220 katika ajali ya kivuko MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara. Kwa hiyo msiba wa Mukono haukuwa habari ya mbali kwa Watanzania. Ulikuwa msiba wa ziwa lile lile, na chanzo kimojawapo kilikuwa kile kile, yaani watu wengi mno katika chombo kimoja.

Ndugu wasikilizaji, matembezi ya majini yamekuwa sehemu ya mapumziko ya watu wengi katika nchi jirani na Tanzania. Makundi ya wafanyakazi, wanafunzi, na hata askari walio likizoni pamoja na familia zao, hukodi mitumbwi na kayaki, yaani vile vyombo vyembamba vya mtu mmoja au wawili vinavyoendeshwa kwa kafi lenye bapa huku na huku. Hukodi Bunyonyi na Jinja nchini Uganda, Naivasha nchini Kenya, pwani ya Ziwa Nyasa nchini Malawi, na katika mto Zambezi nchini Zambia. Hapana ubaya wowote katika jambo hilo. Mtu aliyefanya kazi ngumu mwaka mzima anastahili kupumzika, na mtumbwi humfundisha mtu subira na ushirikiano kuliko michezo mingi. Lakini swali la kujiuliza ni hili: askari asiyeweza kupeleka hata kikosi kidogo kwenye doria bila upelelezi, bila ukaguzi wa vifaa na bila kuweka saa ya kurejea, kwa nini akubali kupeleka mke, watoto na wenzake majini bila hata kimojawapo cha hivyo?

Jambo la kwanza katika mpango wowote wa namna hiyo ni kuyajua maji yenyewe. Maji hayafanani, na neno moja "ziwa" au "mto" huficha tofauti kubwa.

Ziwa Bunyonyi, karibu na mji wa Kabale kusini magharibi mwa Uganda, liko juu sana, zaidi ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Lina visiwa vingi vidogo, na linasifiwa kwa kutokuwa na viboko wala mamba. Kwa sababu hiyo wageni wengi hudhani kwamba halina hatari. Lakini maji yake ni ya kina kirefu na ya baridi, na mitumbwi mingi inayokodishwa huko ni ya gogo lililochongwa. Mtumbwi wa gogo una tabia yake. Mwenyeji huuendesha ukaenda sawa kama mshale. Mgeni akiushika, huzunguka duara pale pale mpaka akachoka mikono na kucheka kukaisha. Aliyechoka katikati ya ziwa, upepo wa alasiri ukamkuta huko, hana tena mchezo. Kundi lenye busara hukodi mtumbwi pamoja na mwenyeji wa kuushika tezi, au hujifunza kwanza kando ya ufuko kwa muda wa saa nzima.

Jinja ni mambo mengine kabisa. Hapo ndipo mto Nile unapolipa kisogo Ziwa Victoria na kuanza safari yake ya kwenda Misri. Mto huo umefungwa mabwawa ya umeme mahali kadhaa: bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, la Bujagali lililokamilika mwaka 2012, na la Isimba lililozinduliwa mwaka 2019. Mabwawa hayo yamegawa mto katika sehemu za namna mbili. Nyuma ya bwawa maji hutulia kama ziwa dogo, na hapo mtu asiye na uzoefu anaweza kupiga kafi kwa raha akiwa mbali na ukuta wa bwawa. Mbele ya bwawa maji hukimbia juu ya mawe, na wingi wake hubadilika kadiri milango ya bwawa inavyofunguliwa au kufungwa. Maporomoko ya Jinja yamewaleta waendesha kayaki mahodari kutoka pembe zote za dunia. Hayo si maji ya kukodi chombo na kujitosa. Ni maji ya kwenda na mwalimu, kofia ngumu kichwani, na chombo cha uokoaji kikifuata.

Naivasha katika Bonde la Ufa la Kenya ni maji matulivu, lakini yana viboko. Hali kadhalika mto Zambezi, ambao una viboko na mamba pamoja. Kiboko hali nyama, na kwa hiyo watu humdharau. Lakini kiboko hulinda maji yake, na huogopa kukatiwa njia ya kufikia maji ya kina. Huko Zambezi, katika Hifadhi ya Taifa ya Zambezi ya Chini iliyotangazwa mwaka 1983, waongozaji wa mitumbwi wamejifunza kanuni ambazo zimeokoa wengi. Hupita karibu na ukingo, penye maji mafupi, ili kina kibaki kuwa cha kiboko. Hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili mnyama asishtukizwe. Hawapiti kamwe kati ya kiboko aliye ukingoni na maji ya kina. Wala hawaanzi safari jioni, wakati wanyama hao wanapotoka kwenda kula majani. Mwezi Mei 2023, katika mto Shire, Wilaya ya Nsanje nchini Malawi, kiboko alipindua mtumbwi uliokuwa umebeba watu zaidi ya 30. Mtoto mmoja alikutwa amekufa na watu zaidi ya 20 hawakuonekana. Wale hawakuwa watalii. Walikuwa wanakijiji wakivuka kwenda mashambani. Ikiwa watu waliozaliwa kando ya mto ule walipatwa, mgeni wa siku moja hawezi kujiona kuwa yeye amesalimika.

Ziwa Nyasa nalo lina adui wake, naye ni upepo. Kati ya Mei na Agosti huvuma mwera, upepo wa kutoka kusini mashariki, ambao hupita juu ya urefu mkubwa wa ziwa pasipo kizuizi na kuinua mawimbi makubwa. Asubuhi iliyo shwari yaweza kufuatwa na adhuhuri ya mawimbi. Aidha, katika baadhi ya fukwe za ziwa hilo kuna ugonjwa wa kichocho, na aliyeogelea au kupinduka humo inafaa amweleze daktari wiki kadhaa baada ya kurudi, hata kama hajisikii vibaya.

Ziwa Victoria, kubwa kuliko yote katika Afrika, lina eneo la karibu kilometa za mraba 68,800. Ukubwa huo hulifanya lijitengenezee hali yake ya hewa. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, pepo za kutoka pande zote zikakutana juu ya maji, na ndipo dhoruba kali huzuka usiku na alfajiri. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hilo, wengi wao wakiwa wavuvi. Ndiyo maana idara za hali ya hewa za nchi za Afrika Mashariki zimekuwa zikitoa utabiri maalumu kwa watu wa ziwani. Utabiri huo unapatikana bure. Asiyeutafuta asije akasema alishtukizwa.

Baada ya kuyajua maji hufuata hesabu ya safari. Mtu asiyezoea kafi huenda kilometa tatu au nne kwa saa, na huchoka upesi. Kisiwa kilicho umbali wa kilometa sita, ambacho macho hukiona kuwa karibu, ni safari ya saa mbili kwenda na saa mbili au zaidi kurudi. Hesabu ya kundi hufuata mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, haifuati mwendo wa kijana hodari. Yafaa kuondoka asubuhi mapema, kuanza kwa kwenda dhidi ya upepo wakati mikono ina nguvu, ili kurudi kuwe kwepesi. Na yafaa kupita kandokando ya ufuko, si kukata ziwa katikati. Ngurumo ikisikika, hata kama mvua iko mbali, kundi litoke majini, wala lisirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kisha kuna ukaguzi wa vyombo. Hapa askari hahitaji kufundishwa. Anahitaji kukumbushwa tu kwamba likizo haifuti mazoea mema. Mwenye mitumbwi aulizwe leseni yake na chombo chake cha uokoaji. Kila mtumbwi uangaliwe kama unavuja, na kila mmoja uwe na kopo la kufulia maji. Watu wakishaingia, ukingo wa mtumbwi uliojaa ubaki juu ya maji kwa sentimita 15 hivi au zaidi. Ukiwa chini ya hapo, mtu mmoja ashuke, awe nani awaye. Makafi yawe na ya akiba. Simu ifungwe ndani ya mfuko usiopenya maji, na kila mtu awe na filimbi, maana sauti ya mtu aliyemeza maji haifiki mbali.

Jaketi la kuokoa maisha ndilo jambo ambalo halina mjadala. Mahali pengi pa kukodisha huwa na majaketi machache, ya kipimo kimoja, nayo hutupwa chini ya kiti kama matambara. Jaketi lililo chini ya kiti halimwokoi mtu. Mtumbwi unapopinduka hakuna muda wa kulitafuta, wala wa kufunga mikanda yake. Kila mtu alivae nchi kavu, mikanda ifungwe, kisha mwenzake amvute kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno au halikufungwa sawasawa. Watoto wapate ya kipimo chao. Kama kundi ni la watu 14 na majaketi ni 11, basi watakaoingia majini ni 11. Na yule anayesema kwamba yeye anajua kuogelea, akumbushwe kwamba kuogelea katika bwawa la mafunzo, ukiwa na kaptura na mwalimu yuko pembeni, si sawa na kuogelea ukiwa na viatu na suruali, katika maji ya baridi, baada ya ubao wa mtumbwi kukupiga kichwani.

Pombe isiguswe mpaka wote wawe wamerudi nchi kavu. Hilo halihitaji maelezo.

Ndugu wasikilizaji, mambo yote yaliyotajwa hadi hapa ni mepesi kuyajua. Lililo gumu ni kuyatenda mbele ya wakubwa. Katika kundi la askari huwamo luteni, sajini, koplo na kuruta. Nchi kavu kila mmoja anajua mahali pake, na ni vema iwe hivyo, kwa kuwa jeshi au polisi bila utii si kitu. Lakini cheo hakielei. Yawezekana kabisa kwamba katika kundi zima anayeyajua maji ni yule koplo aliyekulia Ukerewe, au konstebo ambaye baba yake alikuwa mvuvi wa Kigoma, ilhali mkubwa wao alizaliwa Dodoma na hajawahi kushika kafi. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Basi kabla ya siku ya safari kundi limteue kiongozi mmoja wa majini kwa ujuzi wake, na mkubwa mwenyewe atamke mbele ya wote kwamba, tangu kuingia mtumbwini hadi kutoka, amri ni ya yule. Mkubwa anayefanya hivyo hapungukiwi na heshima. Anawaonyesha vijana wake kwamba anajua amri ni kwa ajili ya usalama wa watu na si kwa ajili ya fahari ya mtu.

Kiongozi huyo apewe pia uwezo wa kuifuta safari. Hapa ndipo makundi mengi hushindwa. Fedha zimekwisha lipwa, basi limekwisha kodiwa, watoto wamekwisha ahidiwa, na wingu jeusi limesimama upande wa pili wa ziwa. Nani atathubutu kusema "hatuendi"? Mara nyingi hakuna, kwa sababu hapana aliyekabidhiwa kusema hivyo. Dawa yake ni kukubaliana mapema, watu wakiwa bado nyumbani na akili zimetulia: upepo ukiwa namna hii, majaketi yakipungua, mwenye mitumbwi akishindwa kuonyesha leseni, safari haipo, na siku hiyo itatumika kwa kucheza mpira au kuchoma nyama ufukoni. Fedha iliyopotea hupatikana mwezi ujao.

Majini, kundi liende pamoja. Mtumbwi wa mjuzi mmoja utangulie na wa mjuzi mwingine ufunge nyuma, na hakuna wa kumpita wa mbele wala wa kubaki nyuma ya yule wa mwisho. Mitumbwi ikaribiane kiasi cha kusikia filimbi. Mtumbwi ukipinduka, waliomo waushike na kubaki nao, maana wa gogo hata ukijaa maji huendelea kuelea, na chombo huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Wengi wamekufa kwa kukiacha chombo na kuufuata ufuko ulioonekana kuwa karibu. Anayekwenda kuokoa asijitose, kwa kuwa mfa maji haachi kutapatapa, na atamzamisha mwokozi wake pamoja naye. Amnyooshee kafi, amtupie kamba, amsogezee chombo upande wa tezi. Kwanza watu, makafi na mizigo vitatafutwa baadaye, au visitafutwe kabisa.

Lakini hata mpango mzuri wa majini hautoshi kama nchi kavu hakuna anayengoja. Tarehe 22 Machi, 1993, huko Lyme Bay kusini mwa Uingereza, wanafunzi wanane na mwalimu wao walitoka kwa kayaki wakiwa na wakufunzi wawili. Upepo uliwasukuma kuelekea baharini na vyombo vikajaa maji. Hawakuwa na fataki za kuombea msaada, na saa nyingi zilipita tangu wakati waliotarajiwa kufika kabla ya walinzi wa pwani kuanza kuwatafuta ipasavyo. Vijana wanne walikufa. Mkurugenzi wa kampuni iliyoendesha kituo kilichowapeleka alifungwa, na mwaka 1995 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kudhibiti vituo vya michezo ya namna hiyo. Funzo lake linahusu ziwa lolote. Mtu mmoja abaki nchi kavu akiwa na majina ya wote, njia itakayofuatwa, saa ya kurudi, na namba za dharura za nchi ile. Na saa hiyo ikipita kwa kipimo kilichokubaliwa, aite msaada papo hapo bila kuona haya. Msaada ulioitwa bure ni aibu ya dakika tano. Msaada uliochelewa ni matanga.

Liko na jambo linalowahusu askari peke yao. Mto Zambezi ni mpaka wa Zambia na Zimbabwe kwa sehemu ndefu, na Ziwa Victoria limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Mpaka wa majini hauna jiwe wala uzio, na mtumbwi uliosukumwa na upepo hauombi ruhusa. Raia wa kawaida akivuka kwa bahati mbaya hueleweka upesi. Askari wa nchi nyingine akikutwa amevuka, maswali huwa mengi zaidi. Kwa hiyo likizo ya nchi jirani ianze na ruhusa ya mkuu wa kikosi, hati halali za kusafiria, na nguo za kiraia. Mgeni na aulize wenyeji mpaka uko wapi, naye akae mbali nao.

Askari hufunzwa kwamba maisha yake si mali yake peke yake. Taifa limemsomesha, wenzake wanamtegemea, na nyumbani kuna wanaomngoja. Kufa katika ulinzi wa nchi kuna heshima yake, na majina ya waliokufa hivyo huandikwa. Kufa kwa sababu jaketi lilikuwa chini ya kiti, au kwa sababu koplo aliyeona wingu alimwogopa luteni, ni hasara tupu. Kundi linalokusudia kwenda Bunyonyi au Naivasha mwezi ujao lina kazi ya jioni moja tu: kukaa pamoja, kuchagua maji, kuhesabu watu na majaketi, kumteua kiongozi, na kuandika saa ya kurudi. Kazi hiyo ikifanywa, safari itakuwa ya furaha. Isipofanywa, ni heri mtumbwi ubaki ufukoni.